Walioumia Bila Kelele: Iramba na Historia ya Tiba ya Kiwewe Afrika Mashariki

Historia ya tiba ya akili katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, imeandikwa zaidi kama historia ya majengo, yaani hospitali zilizojengwa, wodi zilizoongezwa na kuta zilizowatenganisha wagonjwa na jamii. Ukiitazama kutoka Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, mji ulio juu ya uwanda ulioinuka mashariki mwa mbuga ya Wembere, historia hiyo inakuwa na sura tofauti, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 majengo hayo yalikuwa mbali, na wengi walioumizwa nafsi hawakuwa na dalili ambazo zingewafanya wapelekwe huko. Kiwewe, kwa maana wanayoitumia wataalamu, ni jeraha la nafsi linalotokana na tukio la kutisha mno, kama vile vita, ubakaji, ajali mbaya au kushuhudia mauaji. Msongo wa baada ya kiwewe ni hali inayomshika mtu pale ambapo tukio lenyewe limekwisha lakini mwili na akili yake vinaendelea kuliishi: huota jinamizi lile lile, hushtuka kwa mlio mdogo, huepuka njia, watu na maneno yanayomkumbusha yaliyompata, hukosa usingizi, na hujihisi yuko mbali hata na wale anaowapenda. Wengi wanaopatwa na mikasa hupona kadiri muda unavyopita wakizungukwa na ndugu na kazi zao za kila siku, lakini wako ambao hawaponi, na hao kwa kawaida huteseka bila kumsumbua yeyote. Ukimya huo ndio uliowanyima nafasi katika kumbukumbu za serikali, na ndio unaoeleza kwa nini tiba yao ilichelewa mno.

Iramba haikuwa pembeni mwa misukosuko ya karne hiyo. Kwenye ukingo wa Wembere kuna Sekenke, ambako dhahabu iligunduliwa katika kipindi cha utawala wa Wajerumani, na dhahabu hiyo ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, wakati koloni lilipokuwa limezingirwa na majeshi ya Waingereza na Wabelgiji. Mwaka uliofuata kikosi cha Kijerumani kilichojitenga na jeshi kuu, kikiongozwa kwanza na Max Wintgens na kisha na Heinrich Naumann, kilikatiza nchi kuelekea kaskazini na kulizingira boma la Mkalama, katika eneo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sehemu ya Iramba kabla ya kuwa wilaya ya peke yake. Vikosi vya aina hiyo viliishi kwa kuchukua chakula, ng'ombe na wapagazi kutoka vijiji walivyopitia, na upagazi ndio ulioua watu wengi zaidi katika vita hivyo. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na uchovu, na kabla majeraha hayo hayajakauka ikafuata njaa kuu ambayo Wagogo, majirani wa kusini, waliiita Mtunya.

Wakati huo huo, huko Ulaya, madaktari walikuwa wameanza kuitambua hali hii ya kiwewe miongoni mwa askari. Mwaka 1915 Charles Myers, daktari na mwanasaikolojia wa Uingereza, alichapisha maelezo ya askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona, kunusa au kuonja baada ya milipuko ya mizinga, ingawa miili yao haikuwa na jeraha lililoweza kueleza dalili hizo. W. H. R. Rivers, aliyewatibu maofisa katika hospitali ya Craiglockhart nchini Scotland, alifikia hitimisho lililokwenda kinyume na desturi ya jeshi, kwamba kumwamuru mgonjwa asahau kunamzidishia ugonjwa, na kwamba nafuu huja pale anapoongozwa kulikumbuka tukio taratibu mpaka aweze kulibeba. Yaliyomo katika tiba za leo yameshaonekana hapo kwa sura yake ya mwanzo. Hata hivyo Rivers aliwatibu maofisa, na mpagazi aliyerejea nyumbani Afrika Mashariki akiwa na jinamizi lile lile hakuwa na daktari wa kumsikiliza wala jina la ugonjwa wake.

Huduma iliyokuwapo katika koloni ililenga watu wa namna nyingine. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianzisha mwaka 1896 kituo cha kulea watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 mahali hapo pakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mojawapo ya za mwanzo kabisa katika sehemu hii ya bara. Inastahili kutajwa kwamba nyumba ya kwanza ya tiba ya akili katika nchi ilisimama juu ya msingi wa makao ya watoto waliotolewa katika biashara ya utumwa, yaani watoto ambao mtaalamu wa leo angeanza kwa kuwauliza kuhusu kiwewe. Utawala wa Waingereza ulijenga hospitali yake huko Dodoma mwaka 1927, ambayo ilikuja kujulikana kama Mirembe, na karibu yake ikawapo Isanga, taasisi ya wagonjwa waliotenda makosa ya jinai. Katika miaka ya 1930 tawi la reli kutoka Manyoni lilifika Kinyangiri, ndani ya eneo la Iramba, kisha katika miaka ya 1940 likang'olewa, hata safari ya mgonjwa kutoka uwanda huo kwenda Dodoma, zaidi ya kilomita 300, ikarudi kutegemea barabara za vumbi. Ni dhahiri kwamba safari ya namna hiyo hakufanyiwa mtu ambaye tatizo lake lilikuwa kuamka usiku akitokwa na jasho. Alifanyiwa yule ambaye ukoo, mtemi au polisi walishindwa kumtuliza.

Nadharia za wataalamu wa kikoloni zilizidi kuufunga mlango huo. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi bila kuwa amesomea kwa kina fani hiyo hapo mwanzo, aliandika mwaka 1953, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kimaumbile na kwamba huzuni kubwa ni nadra miongoni mwa Waafrika. Kosa la hoja hiyo lilikuwa katika sampuli yake, kwa kuwa Carothers alihesabu waliofikishwa hospitalini, na waliofikishwa ni wale waliosumbua. Aliyeteseka kimya hakuhesabiwa, kisha kutohesabiwa kwake kukatumiwa kuwa ushahidi kwamba hayupo.

Katika Iramba kwenyewe huduma za afya zilikuja kwa mkono wa misheni. Walutheri wa Leipzig walifika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kufungua kituo Ruruma, na baada ya vita kazi yao ikachukuliwa na Misheni ya Augustana, Wamarekani wenye asili ya Sweden, ambao katika miongo iliyofuata walikuwa na chuo cha ualimu Kinampanda, hospitali Kiomboi na kituo cha wagonjwa wa ukoma Iambi. Historia ya misheni hiyo ina tukio moja linaloangaza suala zima la kiwewe. Tarehe 17 Aprili 1941 meli ya Misri iitwayo Zamzam, iliyobeba miongoni mwa abiria wake wamisionari wa Augustana na watoto wao waliokuwa safarini kwenda Tanganyika, ilipigwa mizinga na kuzamishwa na meli ya kivita ya Ujerumani katika Atlantiki ya Kusini. Lillian Danielson alikuwamo pamoja na watoto wake 6, akimfuata mumewe Elmer aliyekuwa mmisionari huku. Abiria waliokolewa na meli ile ile iliyowashambulia, wakapelekwa Ufaransa iliyokuwa chini ya Wajerumani, na Wamarekani hatimaye wakarudi kwao kupitia Ureno. Mwaka huo huo kanisa lao lilichapisha kitabu kizima chenye simulizi za mkasa huo. Waliookoka walipata wasikilizaji na maandishi, na jumuiya iliyouchukua msiba wao kuwa wake, mambo ambayo wataalamu wa baadaye wangeyataja kuwa kinga kubwa dhidi ya msongo wa kudumu. Wapagazi wa 1917 hawakuandikiwa kitabu na mtu yeyote.

Haitakuwa haki kusema kwamba wenyeji wa uwanda huo hawakuwa na njia zao. Matanga, ambayo huwakusanya ndugu na majirani kwa siku kadhaa kulala pamoja, kupika pamoja na kumtaja marehemu, humzuia mfiwa kubaki peke yake katika siku ambazo upweke una madhara makubwa zaidi. Waganga nao walimpa mgonjwa maelezo ya kilichompata na tendo la kufanya, na vyote viwili huleta nafuu. Lakini njia hizo zilikuwa na mipaka, na sifa zake zisitumiwe kuificha. Matanga yanamhudumia aliyefiwa, hayamhudumii mwanamke aliyebakwa ambaye kulitaja tukio kungemletea aibu, wala askari aliyeua. Kutafuta mchawi kila msiba unapotokea kuliweza pia kumtuliza mmoja kwa kumwangamiza mwingine, na mikoa ya Singida, Tabora na Shinyanga imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma hizo mpaka katika miaka ya karibuni. Katika nchi ya Wanyaturu, majirani wa Wanyiramba wenyeji wa Iramba, hofu ya simba-watu, yaani watu walioaminika kutumwa kuua wakiwa wamejifanya simba, iliandamana na mauaji mengi ya miaka ya 1940, na jibu la dola likawa kesi na hukumu za kifo. Watoto walioona wazazi wao wakiraruliwa walibaki na jamaa zao, na habari zao ziliishia hapo.

Baada ya uhuru fikra za tiba ya akili zilianza kutoka nje ya kuta. Huko Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, kiliundwa kijiji ambamo wagonjwa waliopata nafuu waliishi na kulima, kwa mfano wa mpango ambao Adeoye Lambo aliuanzisha Aro, nchini Nigeria, mwaka 1954. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa afya ya akili kwa majaribio katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, kwa lengo la kuwafundisha wauguzi na waganga wa zahanati kuwatambua wagonjwa mahali walipo. Hata hivyo mpango huo ulihusu hasa kifafa na magonjwa makali ya akili, na jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa dawa zake zilikuwapo na matokeo yake yalionekana upesi. Miaka hiyo hiyo wanamgambo na askari waliokusanywa kutoka kila pembe ya nchi kwa ajili ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 walikuwa wamerejea mashambani. Mwaka 1980, mwaka mmoja tu baada ya vita hivyo kwisha, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliuingiza msongo wa baada ya kiwewe katika mwongozo wake wa magonjwa kwa mara ya kwanza, kwa shinikizo la waliorudi kutoka Vietnam na la wanawake waliopigania ubakaji utambuliwe kuwa jeraha.

Jina lilipopatikana, mbinu zilifuata kwa kasi. Edna Foa alikuza tiba ya kukabili, ambamo mgonjwa hulisimulia tukio mara nyingi kwa sauti na kuyaendea hatua kwa hatua mambo aliyokuwa akiyaepuka, mpaka mwili wake ujifunze kwamba kumbukumbu haimdhuru tena. Patricia Resick alijenga tiba ya kuchakata fikra, inayoshughulika na imani zinazoganda baada ya tukio, kama ile ya mwanamke anayejiambia kwamba angepita njia nyingine yasingempata. Francine Shapiro alianzisha tiba ya mwendo wa macho, ambamo mgonjwa hulikumbuka tukio huku macho yake yakifuata kidole kinachokwenda kushoto na kulia. Kwa watoto, Judith Cohen na wenzake waliunda tiba inayomhusisha mlezi tangu mwanzo. Mbinu zote hizo zilizaliwa katika zahanati za Marekani, zikimtegemea mtaalamu mwenye shahada ya juu, na kwa sababu hiyo kwa wilaya kama Iramba zilikuwa kana kwamba hazipo.

Ukubwa wa hitaji katika Afrika Mashariki ulionekana wazi baada ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, uliowaua zaidi ya watu 200, siku ile ile Dar es Salaam iliposhambuliwa pia. Frank Njenga na wenzake waliwachunguza Wakenya 2,883 katika miezi iliyofuata, na takriban 35 kati ya kila 100 walikuwa na dalili zinazolingana na msongo wa baada ya kiwewe. Hakuna nchi katika eneo hili iliyokuwa na wanasaikolojia wa kutosha hata kwa jiji moja.

Jibu lililobadilisha mwelekeo lilitoka katika makambi ya wakimbizi ya Uganda. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, waliunganisha tiba ya kukabili na utaratibu wa kutoa ushuhuda uliobuniwa nchini Chile na wataalamu waliowasaidia wahanga wa utawala wa Pinochet, na matokeo yake wakayaita tiba ya kukabili kwa masimulizi. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Mgonjwa hutandaza kamba sakafuni, mwanzo wake ukiwa kuzaliwa kwake na ncha iliyobaki imekunjwa ikiwa ni siku zisizofika bado. Kisha huweka ua mahali pa kila jambo jema lililompata na jiwe mahali pa kila jambo baya, jiwe kubwa kwa lililo kubwa, huku akilitaja kwa kifupi. Katika vikao vinavyofuata husimulia maisha yake kwa mpangilio kuanzia utotoni, na anapofika kwenye jiwe mwendo hupunguzwa makusudi: aliona nini, harufu ilikuwaje, moyo ulipigaje, alifikiri nini wakati ule, na sasa anaposimulia mwili wake unahisi nini. Msikilizaji huandika, na kikao kijacho humsomea aliyoyasema ili ayasahihishe na kuyaendeleza. Mwishoni hati nzima husomwa na kukabidhiwa kwa mwenyewe, naye akipenda anaweza kuitumia kama ushuhuda wa haki zake zilizovunjwa. Msingi wa mbinu hii ni kwamba kumbukumbu ya kutisha huhifadhiwa vipande vipande, ikiwa na harufu, sauti na hofu lakini haina tarehe wala mahali, na kwa hiyo humvamia mtu kama jambo la leo. Kuisimulia kwa mpangilio huirudisha mahali na wakati wake.

Katika makazi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wakimbizi 43 kutoka Sudan waligawanywa katika makundi matatu kwa bahati nasibu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004. Mwaka mmoja baada ya tiba, asilimia 29 tu ya waliosimulia walikuwa bado na ugonjwa, ilhali miongoni mwa waliopewa ushauri wa kawaida au elimu peke yake kiwango kilikuwa karibu asilimia 80. Utafiti wa pili, uliofanyika Nakivale na kuchapishwa mwaka 2008, ulikuwa na uzito zaidi kwa wilaya zisizo na wataalamu, kwa sababu waliotoa tiba kwa Wanyarwanda na Wasomali 277 walikuwa wakimbizi wenzao, waliofundishwa kwa wiki 6. Takriban asilimia 70 ya waliopata tiba ya masimulizi walipona, lakini pia asilimia 65 ya waliopata ushauri wa kiwewe usiofuata mpangilio huo, na asilimia 37 ya waliofuatiliwa tu. Takwimu hizo zinadai usomaji wa unyofu, kwa maana katika Nakivale tofauti kubwa haikuwa kati ya mbinu na mbinu, ilikuwa kati ya kusikilizwa na mtu aliyefundishwa na kutosikilizwa kabisa.

Tafiti zilizofuata zilieneza hoja hiyo katika nchi za jirani. Katika vijiji vya Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, tiba ya kuchakata fikra ilitolewa kwa vikundi vya wanawake walionusurika ubakaji, na wasaidizi wa kijamii wasio na shahada. Kwa kuwa wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma, fomu za Marekani ziliachwa na mazoezi yakarahisishwa ili yashikwe kichwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba miezi 6 baada ya tiba, ni asilimia 9 ya wanawake wa vikundi hivyo waliokuwa na dalili nzito za huzuni na wasiwasi, dhidi ya asilimia 42 ya waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili waliingizwa katika utafiti wa tiba ya watoto iliyotolewa na washauri wa kawaida, na walezi wakiwa na vikundi vyao sambamba. Ripoti ya mwaka 2020 ilisema tiba hiyo ilizidi huduma za kawaida katika maeneo 3 kati ya 4. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, mpango ulioitwa Nguvu uliwahusisha wanawake 311 wa Kongo waliopigwa na wenzi wao, ukiunganisha sehemu za tiba ya kuchakata fikra na ushauri wa namna ya kujilinda, kwa kuwa mwanamke anayerudi jioni katika nyumba ile ile ya kipigo hawezi kutibiwa kana kwamba hatari yake imekwisha.

Kwa Kiomboi, jambo muhimu katika mlolongo huo ni kwamba hakuna hata moja kati ya tiba hizo za karibuni iliyohitaji jengo jipya. Zilihitaji chumba kinachofungwa mlango, au kivuli cha mti kilicho mbali na masikio ya watu, saa moja au mbili zisizokatizwa, na mtu anayezungumza lugha ya mgonjwa. Watu wa kuanzia kuwatafuta wanajulikana: wachimbaji wadogo wa Sekenke walionusurika kufukiwa na vifusi, abiria wa ajali katika mteremko wa mlima Sekenke, wanawake na watoto waliobakwa, na vikongwe walioponea chupuchupu panga za majirani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka 5, na kwa elimu yao na ukaribu wao na kaya, hao hawatofautiani sana na washauri wa Nakivale au Bungoma. Kinachowatenganisha ni usimamizi. Katika tafiti zilizotajwa, mshauri hakuachwa na simulizi alizozisikia. Alikutana mara kwa mara na msimamizi aliyepitia naye kila kisa, akimrekebisha alipoharakisha jiwe zito, akimpumzisha alipoelemewa, na akimpeleka mgonjwa mwenye nia ya kujiua kwa daktari. Msimamizi wa aina hiyo kwa Iramba anaweza kuwa muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya au afisa ustawi wa jamii, na nafasi yake katika bajeti ya halmashauri ndiyo itakayoamua kama mhudumu wa kijijini atadumu katika kazi hiyo zaidi ya miezi michache.